Kikapu cha Wifi

Kisumu

Karatasi imekunjwa mara nne na imeandikwa kwa kalamu ya kijani ya mtoto wa shule. Unga wa dona, kilo kumi. Nyanya za kienyeji. Mafuta ya alizeti, lita tano, "yakamuliwe ukiona". Karanga. Soya ya uji. Chini kabisa, kwa herufi kubwa, KUKU, kisha kapigwa mstari, maana kaka alimkumbusha mkewe kwamba kuku hai havuki mpaka wa Sirari bila karatasi za mifugo.

Wifi ana mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne. Tangu mtoto aanze kula, jikoni kwake umepita msako. Nyanya ngumu, zile zinazokaa wiki mbili bila kusinyaa, zilitoka kwanza. Wakafuata kuku wa kisasa, mahindi ya punje kubwa zilizojipanga kama meno ya bandia, na tikiti lisilo na mbegu. Wote kwa kosa moja: GMO. Nilipomuuliza nani alimwambia nyanya hizo ni GMO, alinitazama kama mtu aliyeulizwa nani alimwambia kwamba jua lina joto.

"Si unaziona tu, wifi?"

Simlaumu. Raia wa Kenya amezungushwa na jambo hili zaidi ya miaka kumi. Novemba 2012 serikali ilipiga marufuku kuingiza chakula cha GMO, yaani kilichobadilishwa vinasaba, wiki chache baada ya Mfaransa Gilles-Éric Séralini kuchapisha utafiti wake wenye picha za panya waliojaa uvimbe. Mwaka uliofuata jarida lililouchapisha likauondoa, lakini picha zilikwisha kuingia vichwani, na huko hakuna mhariri wa kuziondoa. Tarehe 3 Oktoba 2022 baraza la mawaziri la Rais William Ruto likaifuta marufuku. Watu wakaenda mahakamani. Novemba 2023 mahakama ya mazingira na ardhi ikaitupa kesi; Machi 2025 Mahakama ya Rufani ikasimamisha tena uingizaji mpaka rufaa isikilizwe. Wifi anaifuata kesi hii kama wengine wanavyofuata ligi ya Uingereza. Nilimwambia kwamba Shirika la Afya Duniani linasema vyakula vya GMO vilivyopimwa na kuruhusiwa sokoni havielekei kuwadhuru walaji. Akasema hana ugomvi na Shirika la Afya, yeye ana mtoto.

Basi nikafungua daftari. Ukurasa wa kushoto Kisumu, wa kulia Simiyu, Tanzania, ninakokwenda kumwona shangazi. Kitu kisiandikwe mpaka nimekiona au nimemwuliza anayekilima.

La kwanza kushoto limenishangaza mwenyewe. Nyanya zote za soko la Kisumu, za kienyeji na za kisasa, si GMO. Kuku pia si GMO, ingawa soya iliyomo kwenye chakula chake ni habari nyingine. Mbegu ya mahindi ya GMO imefanyiwa majaribio Kenya miaka mingi lakini haijafika dukani kwa mkulima. Kilichofika shambani ni pamba. Serikali iliiruhusu Desemba 2019, mbegu zikaja kutoka India, na wakulima wakaanza kuzipanda 2020, wakiwemo wa huku magharibi. Na pamba haimo kwenye karatasi ya wifi, kwa kuwa pamba ni shati.

Kabla ya kuondoka nilipiga picha kabati lake la chakula cha mtoto. Sikujua kwa nini. Mazoea ya kazi.

Sirari

Foleni fupi, jua kali. Malori ya mahindi yanapita kutoka kwetu Tanzania kwenda kwao. Machi 2021 Kenya iliyazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa siku chache kisha ikayaruhusu kwa masharti. Sababu haikuwa jeni. Ilikuwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu.

Naandika kushoto: huenda unga anaouogopa wifi ulilimwa kwetu.

Lamadi

Hapa ndipo basi la Mwanza linaniacha, nashika la Bariadi. Ni Juni, msimu wa pamba, na ukitaka kujua umeingia Simiyu huna haja ya kusoma kibao: miiba ya kando ya barabara imeshika nyuzi nyeupe zilizodondoka kwenye malori, kilomita baada ya kilomita, kana kwamba migunga imeota mvi. Mkoa ulizaliwa 2012, ukakatwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga, na ndio unaoongoza nchini kwa kulima pamba. Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu, Busega: kote huko mtoto hujifunza kuchuma kabla hajajifunza kuandika vizuri.

Mwenzangu wa kiti, mzee mwenye kofia ya pama, aliniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Kisumu. "Huko si ndiko kwenye pamba isiyoliwa na wadudu?" Nikasema ndiko. Akakaa kimya mpaka tukapita kijiji kizima, kisha akasema, "Na bei yake ya mbegu?"

Ni swali zuri kuliko yote niliyosikia Kisumu.

Bariadi

Shangazi hakunikumbatia mpaka nilipomwamkia kwa Kisukuma. "Mwadila," nikasema, goti likiinama lenyewe. Ndipo nikakaribishwa ndani.

Chakula cha jioni: ugali wa mtama, mlenda, na kisahani cha nsansa, majani ya kunde yaliyochemshwa na kuanikwa. Asubuhi, michembe na chai. Kwa wasiojua, mchembe ni kiazi kitamu kilichokatwa kikiwa kibichi na kukaushwa juani. Kikichemshwa kwanza ndipo kikaushwe, hilo ni tobolwa. Shangazi anayo magunia mawili ya michembe chini ya kitanda, na huyataja kama wengine wanavyotaja akiba ya benki. Nilipofungua daftari ukurasa wa kulia, mlo wote wa siku hiyo ulimalizika kwa mstari mmoja: hakuna mtama wa GMO, hakuna kunde za GMO zilizoruhusiwa kwetu, hakuna kiazi. Nigeria waliruhusu kunde zilizobadilishwa vinasaba mwaka 2019, lakini nsansa za shangazi zina majina ya mabibi zake.

Nikamsomea karatasi ya wifi. Alicheka kwenye nyanya. "Mwambie aje aone zetu," akasema, na kesho yake tukaenda sokoni. Zipo za aina mbili. Zile laini zenye mikunjo begani, zinazopasuka ukizitazama vibaya, na zile ngumu za mviringo mrefu zinazosafirishwa kwenye matenga. Mama muuzaji aliziita za pili "za kisasa". Nikamuuliza kama ni GMO. "Ndiyo," akajibu bila kusita, "za F1."

Hapo ndipo fundo lilipo. Nenda duka lolote la pembejeo Bariadi, utasikia maneno manne yakichanganywa kwenye bakuli moja: mbegu ya kisasa, mbegu chotara, F1, GMO. Kijana wa duka, ambaye anajua tofauti, amechoka kuieleza. Nilimsikiliza akimweleza mteja kwa mfano wa ng'ombe, na sitaweza kuuboresha. Ukichukua jike lako la Kisukuma ukalipandisha kwa dume la kisasa, ndama ni chotara. Wazazi wote wawili ni ng'ombe, umechagua tu nani amwoe nani. Hiyo ndiyo F1. Ukitunza mbegu yake ukaipanda tena, watoto hawatafanana, kila mmoja atachukua upande wake, ndiyo maana unarudi dukani kila mwaka. "Na hiyo nyingine?" mteja akauliza. Kijana akafikiri. "Hiyo nyingine ni kama umechukua kitu kimoja kutoka kwa kenge ukakitia kwa ng'ombe." Mteja akasema basi hataki. Akanunua Katumani, mahindi ya muda mfupi ambayo si chotara wala GMO, na ambayo jina lake linatoka Machakos, Kenya.

Kenge ni chumvi kidogo. Kwenye pamba ya Kenya kilichotiwa ni jeni ya bakteria wa udongoni anayeitwa Bacillus thuringiensis, kwa kifupi Bt. Jeni hiyo huufanya mmea utengeneze protini inayomuua funza wa vitumba akishaula. Bakteria huyohuyo hukaushwa akawa unga wa kunyunyizia, na wakulima wa kilimo hai duniani wanaruhusiwa kuutumia. Wanaogombana kuhusu Bt hawagombani juu ya bakteria, wanagombana juu ya mahali alipowekwa na nani anamiliki mlango. Hilo nililiandika nikalikolezea wino.

Tanzania je? Majaribio yalifika mbali kuliko wengi wanavyokumbuka. Kanuni zetu za mwaka 2009 zilimbana aliyeleta GMO alipe madhara hata kama hakufanya uzembe, na watafiti wakawa hawasogei. Zilipolegezwa 2015 kwa ajili ya utafiti, mahindi ya kustahimili ukame yalipandwa Oktoba 2016 kwenye shamba lenye uzio pale Makutupora, Dodoma. Novemba 2018 serikali ikaamuru majaribio yasimame na mabaki yateketezwe. Januari 2021 Waziri wa Kilimo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kuyafuta kabisa majaribio ya GMO na kutaka mbegu zinazoingia nchini zichunguzwe. Hakuna mbegu ya GMO iliyoruhusiwa kuuzwa kwa mkulima wa Bariadi, si ya mahindi wala ya pamba. Uamuzi huo una wapinzani wake, wakiwemo wanasayansi wetu walioona kazi ya miaka ikichomwa moto, na mimi sina uhakika kwamba kuchoma mahindi ya utafiti kulimlinda mtu. Lakini kwa swali la wifi, jibu ni hilo: kukwepa anakotaka yeye kwenye kikapu, huku kulishafanywa kwa amri, mahali ambapo mnunuzi haoni.

Jioni ya pili shangazi akakaanga sambusa za kuuza. Mafuta yalikuwa kwenye dumu la njano lisilo na kibandiko. Nikauliza ya nini.

"Ya pamba. Kwani ya nini?"

Nikaketi. Mimi ni Msukuma wa Mwanza, nimekula mafuta haya utoto wote, na sikuwahi kuyaandika kichwani kama chakula kinachotoka shambani. Hebu tazama hesabu. Katika kila kilo ya pamba inayopimwa kwenye mizani ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, nyuzi ni kama theluthi moja tu. Karibu theluthi mbili ni mbegu. Sifa yote ni ya nyuzi, zinakwenda kuwa vitambaa. Mbegu inakamuliwa mafuta, mashudu yanakwenda kwa ng'ombe. Kwa uzito, mkoa huu unaolima nguo unalima zaidi chakula. Shangazi anakumbuka mafuta ya pamba yalipokuwa yakija kwa madebe kutoka kiwandani Mwanza, enzi ushirika wa Nyanza ulipokuwa na nguvu.

Nikamwomba mbegu. Akanipa kiganja kizima kutoka kwenye kikapu cha pembeni, zile zenye manyoya, za kijivu, zinazoshikana kama watoto wa paka. Nikaichukua moja, nikaikata kwa wembe katikati. Ndani kiini ni cheupe mpaka krimu, kimekunjwakunjwa kama karatasi iliyofinyangwa, na juu yake vimetapakaa vitone vyeusi vidogo sana, kama mtu kapuliza unga wa pilipili manga. Ndani ya vitone hivyo ndimo ilimo gosipoli, sumu ambayo mpamba huitengeneza wenyewe, kwa asili yake, kujikinga na wadudu. Hakuna maabara iliyoiweka. Huko China familia zilizokuwa zikipikia mafuta ghafi ya pamba zilikosa watoto, na miaka ya 1970 watafiti wakaijaribu kama dawa ya uzazi wa mpango kwa wanaume. Ng'ombe mkubwa huivumilia kwa sababu ya tumbo lake lenye vyumba. Kuku na nguruwe hapana. Ndiyo maana mafuta ya pamba lazima yasafishwe kwa magadi makali kiwandani kabla ya kuliwa, yatoke mekundu ya giza yawe ya njano. Haya ya dumu la shangazi yalikuwa ya njano angavu, nikashusha pumzi.

Nikamsimulia habari ya Keerti Rathore, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, aliyefanya kazi zaidi ya miaka 20 kuizima gosipoli kwenye mbegu tu na kuiacha kwenye majani, ili mbegu ya pamba iliwe na watu kama karanga. Idara ya Kilimo ya Marekani iliikubali 2018, na mamlaka ya chakula na dawa 2019. Ni GMO kamili.

Shangazi akageuza sambusa. "Kwa hiyo hao wameibadilisha ili iliwe," akasema, "na wifi yako haili kilichobadilishwa."

Nikasema ndivyo.

"Na haya nayakaanga mimi, hayajabadilishwa, ila yana sumu yake."

"Iliyotolewa."

"Iliyotolewa," akakubali, na akaonja moja.

Kuna jambo jingine la mafuta, na nililiandika kurasa zote mbili. Mafuta yaliyosafishwa vizuri kwa kawaida hayabaki na protini wala vinasaba vya kupimika. Hata yakitoka kwenye pamba ya Bt ya ng'ambo ya mpaka, maabara huenda isione kitu. Mafuta hayaikumbuki mbegu yake. Kwa hiyo anayetaka kuyakwepa hawezi kutegemea kipimo. Anahitaji mtu wa kumwambia yametoka wapi. Chupa nyingi nilizozigeuza kwenye maduka ya mji zinaandika "mafuta ya kula", basi. Moja ilikuwa na picha ya alizeti mbele, na nyuma, kwa maandishi ya kusomwa na sisimizi, ikasema ni mawese. Mawese yenyewe hayana ubaya kwa swali hili, maana hakuna michikichi ya GMO inayolimwa kibiashara. Ubaya ni ule ua.

Meatu

Nilikwenda Mwanhuzi kwa sababu ya alizeti, nikarudi na habari ya pamba.

Meatu ina historia yake. Tangu 1994 kampuni ya Uswisi iitwayo Remei imekuwa ikifanya kazi na wakulima wa huku kupitia bioRe Tanzania, yenye makao yake Mwamishali, kulima pamba hai: bila mbolea ya chumvichumvi, bila viuadudu vya kiwandani, na kwa masharti ya kilimo hai popote duniani, bila mbegu ya GMO. Funza wa vitumba wanashughulikiwa kwa mwarobaini, kwa kubadilisha mazao, na kwa hila moja niliyoipenda sana: mistari ya alizeti katikati ya pamba. Alizeti ni mtego. Wadudu huvutwa na ua la njano wakaiacha pamba, na maadui zao huwafuata hukohuko. Mkulima anavuna pamba, na mtego wake unamkaangia mayai.

Mama mmoja alinikaribisha kwenye kivuli cha ghala lake. Nilimuuliza kama amewahi kutamani ile pamba ya Kenya. Alisema jirani yake asiyelima kwa njia hai hubeba bomba mgongoni mara kadhaa kwa msimu, na mara moja dawa ilimmwagikia shingoni akalala siku mbili. "Yule atamani," akasema. "Mimi nitamani nini, soko langu wanataka isiyokuwa hiyo." Hakuna alichosema kuhusu afya ya mlaji. Hesabu yake ilikuwa ya soko, na mwili wa jirani.

Lenye kufanana na hili liko India. Remei walianzia huko, Madhya Pradesh, kwa mradi dada unaoitwa Maikaal. India iliruhusu pamba ya Bt mwaka 2002, na leo zaidi ya asilimia 90 ya eneo la pamba yao ni hiyo. Mkulima wa kilimo hai wa kule amefika mahali ambapo kupata mbegu isiyobadilishwa ni kazi ya utafiti, watu wameketi na wanasayansi kuzalisha upya mbegu ambazo babu zao walizitupa. Mkulima wa Meatu anaipata mbegu ya kituo cha utafiti cha Ukiriguru, UKM08 kwa mfano, kama kitu cha kawaida. Tofauti kati yao ni miaka ishirini na kitu ya watu wote wengine waliowazunguka kuamua jambo lilelile.

Burkina Faso nao wana sehemu kwenye ukurasa huu. Walianza pamba ya Bt kwa kishindo 2008, funza wakapungua kweli, lakini nyuzi zikatoka fupi, wanunuzi wakakunja pua, na kufikia 2016 kampuni za pamba zikarudi kwenye mbegu za zamani. Wala si hofu ya sumu iliyowarudisha. Ni urefu wa uzi, milimita.

Alizeti niliikamulisha papo hapo mjini. Mashine ilinguruma, mafuta yakatoka ya moto yenye povu, mashudu yakamwagika upande wa pili kama vigae vya chungu. Hakuna alizeti ya GMO inayouzwa duniani, kwa hiyo wifi angeweza kununua yoyote. Lakini alisema nione, nimeona. Lita tano, dumu jipya. Kuhusu dumu sikukubali mzaha, maana huku kwenye pamba kuna makopo mengi yaliyowahi kubeba vitu vya kunyunyizia.

Bariadi tena

Nimebakiza karanga na soya.

Karanga tuliziketia, mimi na shangazi, ungo katikati. Yeye hatazami, anapapasa tu. Kila iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye vumbi la kijani, inarushwa pembeni, na kuku hawaruhusiwi kuisogelea. Kati ya vyote nilivyoona safari hii vinavyohusu sumu kwenye chakula cha mtoto, hiki ndicho kilichonipa baridi mgongoni. Kenya mwaka 2004 sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi iliua watu 125 kati ya 317 waliougua. Kwetu, 2016, Dodoma na Manyara, waliugua 68 wakafa 20. Mahindi yale hayakuwa na jeni ngeni hata moja. Yalikuwa ya kienyeji, ya nyumbani, yamekaushwa vibaya. Wifi hukodoa macho kutafuta nyanya ngumu, na karanga hununua za kusagwa tayari, ambazo hakuna mkono uliozipapasa.

Nikampigia simu. Nikamwambia nyanya zimesamehewa, kuku kasamehewa, tikiti halina kesi. Akauliza basi kilichobaki ni nini, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeporwa. Nikafungua ile picha ya kabati. Nikaikuza kwa vidole. Kopo la nafaka ya mtoto, la ng'ambo. Wanga wa mahindi. Lesithini ya soya. Kando yake paketi ya biskuti: lesithini ya soya tena. Sehemu kubwa ya soya ya dunia hii ni GMO, na mahindi ya Marekani na ya Afrika Kusini kadhalika. Ikiwa kuna kitu cha GMO nyumbani kwake, hakika pa kuanzia kutafuta ni hapo, kwenye rafu ambayo msako haukuifikia, kwa sababu ilikuwa na picha ya mtoto anayecheka.

Kimya.

"Imeandikwa kuwa ni GMO?" akauliza.

Nikamwambia haijaandikwa. Kanuni za Kenya za 2012 zinataka chakula kiandikwe kikiwa na zaidi ya asilimia moja ya GMO. Ulaya ni sifuri nukta tisa. Kwa hiyo ama hakina, ama kina chini ya hapo, ama aliyeandika hakuandika. Kama anataka kuwa na hakika, aweke uji: mtama, karanga zilizopapaswa, na soya ya Ruvuma ambayo nimeipata sokoni kwa sado.

"Asilimia moja ni kiasi gani?"

Sikuwa na jibu la simu. Jibu nililipata kesho yake mashineni.

Shangazi alinipa debe la mtama. Nikasema nitaupeleka ulivyo, wifi aupande nyuma ya nyumba. Akakataa. Mbegu inataka vibali mpakani, akasema, unga unapita. Tukaenda nao mashine ya kusaga, nyuma ya wanawake watatu. Yule kijana wa mashine, nywele zote nyeupe kwa vumbi, alipofika kwetu alimwaga kwanza konzi mbili za mtama wetu, akaziacha zisagike, akazikinga kwenye bakuli pembeni. Nikauliza anafanya nini.

"Natoa wa aliyetangulia. Ukisaga moja kwa moja unabeba na wa kwake."

"Unaisha wote?"

"Hauishi wote, dada. Kidogo lazima ubaki kwenye kona."

Nilikuwa nimempigia wifi tena, simu iko hewani. Wifi alitaka kusikia mashine. Akapaza sauti mpaka shangazi akageuka: "Muulize huyo aliyetangulia amesaga nini!"

Mama aliyekuwa akifunga ndoo yake mlangoni alisikia. Akajitwisha, akatengeneza kata kichwani, akatoka.

"Mihogo," akasema.